Basi Likisharudi Kutoka Mazishini: Wafiwa wa Eastlands Wapate Wapi Msaada?

*Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyotayarishwa kwa mabaraza ya wakazi wa mitaa ya Eastlands, kuhusu majonzi ya kufiwa na huduma za ushauri nasaha.*



Mitaa ya Eastlands inajua kuzika. Hilo halina ubishi. Kifo kikibisha hodi Jericho, Kaloleni, Umoja, Kayole au Dandora, kabla jua halijatua viti vya plastiki vimepangwa nje ya nyumba, sufuria kubwa ya chai imeinjikwa, na kundi la WhatsApp limefunguliwa likiwa na picha ya marehemu. Mweka hazina anachaguliwa. Namba ya kutuma mchango inatangazwa. Kila jioni watu wanakutana, wanaomba, wanachanga na kuhesabu. Bili ya hospitali inalipwa, ya mochari inalipwa, jeneza linanunuliwa, basi linakodiwa. Ijumaa usiku safari ya mashambani inaanza. Jumamosi ni mazishi. Jumapili jioni basi linawarudisha watu jijini.

Jumatatu mweka hazina anasoma hesabu ya mwisho kwenye kundi na kuwashukuru wote waliotoa. Mtu mmoja anajiondoa, wa pili anamfuata, na kufikia Jumatano kundi limebaki na wafiwa wenyewe. Viti vimerudishwa kwa mwenyewe. Sufuria imerudishwa kanisani. Mlango umefungwa.

Hotuba hii inahusu kinachotokea nyuma ya mlango huo.

Mama wa watoto wawili

Chukueni mfano mmoja. Haumhusu mtu fulani, lakini kila aliyeishi katika mitaa hii atautambua. Mama mmoja wa Jericho, mwenye watoto wawili na kibanda cha mboga, amempoteza mumewe aliyekuwa dereva wa matatu. Wakati wa matanga hakuachwa peke yake hata dakika moja. Hakulia sana, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kuwapakulia chakula. Watu wakamsifu kwamba ni mama jasiri.

Wiki ya tano, gari likisimama nje saa nne usiku, anaamka kumfungulia mumewe mlango. Anafika mlangoni ndipo anakumbuka. Wiki ya nane, kibanda hakijafunguliwa kwa siku kumi. Mtoto mdogo ameanza kukojoa kitandani. Mkubwa amepigana shuleni mara mbili. Aliyemkopesha pesa za jeneza amepiga simu. Na jirani mmoja, tena kwa nia njema, amemwambia: “Mama watoto, jikaze sasa. Si miezi miwili imeisha?”

Mama huyu hana wazimu, wala imani yake haijapungua. Amefiwa. Kilichomfika ni kwamba majonzi yake yalianza kusema wakati masikio ya mtaa yalikuwa yameshaondoka.

Kalenda iliyofupishwa

Wazee walijua kwamba majonzi yana safari ndefu, na mila nyingi ziliwekewa siku baada ya kaburi kufukiwa. Kwa Waislamu wa Majengo, Pumwani na Eastleigh, mjane asiye mjamzito hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo ndugu na majirani hujua kwamba bado yumo katika maombolezo. Miongoni mwa Waluhya wengi, siku chache baada ya mazishi ndugu hukutana kunyoa nywele, na katika kikao hicho huzungumzwa madeni ya marehemu, mali yake, na nani atawaangalia watoto. Makanisa nayo yana ibada za kumbukumbu.

Maisha ya jiji yamefupisha kalenda hii. Likizo ya kazini ni ya siku chache. Nauli ya kurudi mashambani kwa kikao cha pili ni ghali. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, ilifupishwa zaidi: mazishi yalifanywa haraka na idadi ya waombolezaji ikawekewa kikomo, na familia nyingi za Nairobi ziliwazika wapendwa wao bila kuketi pamoja hata jioni moja. Wako watu mitaani ambao kilio cha mwaka huo bado wamekikalia.

Majonzi ya kawaida, na yanayohitaji mtaalamu

Wengi wamesikia kwamba majonzi yana hatua tano, na kwamba mtu akizipita kwa mpangilio, amemaliza. Hatua hizo zilitoka katika kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na aliziandika kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa. Mfiwa wa kweli huenda mbele na nyuma. Asubuhi anauza mboga na kucheka na wateja. Jioni harufu ya koti la marehemu inamwangusha. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kuwa na hasira, kujilaumu, hata kudhani umesikia sauti ya aliyekufa: yote hayo huwapata watu wenye akili timamu, na kwa wengi hupungua polepole wakipata watu wa kuwa nao.

Kwa baadhi, hayapungui. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeyatambua majonzi ya muda mrefu kuwa hali inayohitaji matibabu. Kipimo chake ni hiki: ikiwa miezi 6 au zaidi imepita, na kumtamani marehemu au uchungu wa kumpoteza bado unamtawala mtu kila siku kupita kiasi kinachotarajiwa katika jamii na dini yake, hata ameshindwa kufanya kazi, kulea au kuishi na wenzake, basi anahitaji mtaalamu.

Lakini miezi 6 haipaswi kungojewa kila mara. Msaada utafutwe siku hiyo hiyo ikiwa mfiwa anasema afadhali naye angekufa, anagawa vitu vyake, hali wala hanywi, analewa kila siku ili alale, au hawezi kuwaangalia watoto wadogo. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai. Swali hilo halimpandikizii wazo. Linampa nafasi ya kulisema alilokuwa akilibeba peke yake.

Familia nyingi zimenyamaza kwa kuogopa polisi. Ni vyema ijulikane kwamba Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahali pa mtu aliyefikia hapo ni hospitali.

Mlango wa kwanza uko karibu

Mama wa Jericho aanzie wapi? Aanze na mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na ambaye huenda anamjua kwa jina. Wahudumu hao wanaishi katika mitaa hii hii, na kazi yao ni pamoja na kumpeleka mtu kunakofaa. Baada yake ni kituo cha afya cha umma kilicho karibu: Jericho, Makadara, Bahati, Umoja, Kayole II, Dandora II na vinginevyo. Mfiwa akifika pale, aseme wazi: “Nimefiwa, silali, nahitaji mtu wa kuzungumza naye.” Akisema tu kwamba kichwa kinauma, atapewa dawa ya kichwa na kurudi nyumbani na majonzi yake. Waswahili walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mhudumu wa afya hawezi kuingia katika kilio ambacho hakijaanzwa.

Hali ikihitaji zaidi, kituo humpa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki, Kenyatta au Mathari. Kuhusu Mathari, neno moja. Hospitali hiyo iliyo kando ya Barabara ya Thika ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miaka yote hiyo jina lake limetumiwa mitaani kama tusi. Tusi hilo limewafungia watu nyumbani. Wagonjwa wengi wanaokwenda Mathari huonwa kliniki, wakazungumza na daktari, wakarudi kwao siku hiyo hiyo, kama aendaye kliniki ya shinikizo la damu.

Kwa asiyeweza kutoka nyumbani, simu ipo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199, isiyotozwa malipo. Befrienders Kenya husikiliza watu waliokata tamaa kupitia 0722 178 177. Mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi kuhusu mtoto, anaweza kupiga 116 ya Childline Kenya, saa 24, bila malipo.

Kuna pia mashirika yenye ujuzi wa misiba ya aina fulani. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, huhudumia wagonjwa wa saratani na magonjwa mengine yasiyopona pamoja na familia zao. Still A Mum huwakutanisha wazazi waliopoteza mimba au mtoto mchanga. Huo ni msiba ambao mara nyingi hauwekewi viti nje: mama anatoka wodi ya uzazi mikono mitupu, na mtaani anaambiwa atapata mwingine. Amani Counselling Centre, iliyoanza mwaka 1979, ni miongoni mwa vituo vya kwanza vya ushauri nasaha hapa Nairobi.

Kazi ya ushauri nasaha Nairobi ilivyokua

Wapo wanaosema ushauri nasaha ni mambo ya wazungu. Historia ya jiji inasema vingine. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililotegwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa Nairobi na kujeruhi maelfu. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida: makarani, wanafunzi waliokuwa katika jengo la Ufundi, abiria waliokuwa wakipita. Baada ya hapo madaktari na washauri wa Kenya waliwasikiliza manusura na wafiwa kwa wingi ambao jiji halikuwa limeuona kabla. Eastlands nayo ina tarehe zake. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto katika kijiji cha Sinai, Lunga Lunga, na zaidi ya watu 100 wakafa. Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua. Kila mara watu wa jiji hili walijifunza tena kwamba kumwondoa mtu kwenye kifusi ni nusu ya kazi.

Kadiri washauri walivyoongezeka, ilibidi sheria iingie. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka kila anayefanya kazi hiyo asajiliwe. Mwananchi ana haki ya kuuliza: “Umesajiliwa? Cheti kiko wapi? Kikao ni pesa ngapi?” Mshauri wa kweli hakasirishwi na maswali hayo. Anayeahidi kuondoa uchungu kwa siku moja, anayedai pesa nyingi kabla hajasikiliza, au anayemkataza mgonjwa dawa za hospitali, aepukwe.

Ndani ya chumba cha mshauri

Wengi hawaendi kwa sababu hawajui kinachofanyika humo. Chumba kina viti viwili na mlango unaofungwa. Kikao huchukua kama saa moja. Mshauri huuliza nani amefariki, ilikuwaje, na siku zinapitaje sasa. Halazimishi mtu kulia, wala hamzuii. Anayoyasikia hayapeleki kwa jirani, kwa mchungaji wala kwa mwajiri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hilo atalieleza mwanzoni kabisa.

Baada ya vikao kadhaa, mazungumzo hugusa yale yaliyokwepwa. Mama wa Jericho huenda akasema kile ambacho hakukisema kwenye matanga: kwamba asubuhi ile waligombana kuhusu karo, naye hakumuaga mumewe. Huenda akapewa kazi ndogo ya kufanya nyumbani, kama kumwandikia marehemu barua, kuamua cha kufanya na nguo zake, au kufungua kibanda kwa saa mbili tu Jumanne. Ushauri nasaha haumfanyi amsahau mumewe. Humsaidia kumkumbuka bila kuangushwa na kumbukumbu. Na ikiwa mshauri wa kwanza hapatani naye, ana ruhusa ya kutafuta mwingine, kama anavyoweza kubadilisha fundi cherehani.

Watoto na wanaume

Watoto mara nyingi huambiwa, “Baba amesafiri.” Mtoto aliyeambiwa hivyo husubiri. Kisha huanza kuogopa kila anayebeba mkoba. Ni afadhali aambiwe kwa maneno mafupi na ya kweli: “Baba amekufa. Mwili wake hauwezi kurudi. Si kosa lako. Mimi niko hapa.” Mwalimu wa darasa naye aambiwe, ili ugomvi wa mtoto ueleweke kabla haujaadhibiwa.

Kwamba watoto husaidika, kuna ushahidi wa karibu. Huko Bungoma, na ng'ambo ya mpaka huko Moshi, Tanzania, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana katika vikundi, na walezi wao pia, wakifundishwa kuzungumza juu ya kifo na kumbukumbu za mzazi. Walioongoza vikundi hivyo walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Bungoma, mjini na vijijini, na Moshi mjini, dalili za watoto hao zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Mtaa, basi, unaweza kuponya, ukifunzwa.

Kuhusu wanaume, ukweli usemwe. Mwanamume wa Eastlands hupewa kazi ya kubeba jeneza, kuendesha kamati na kulipa bili. Hakuna anayempa nafasi ya kulia. Miezi mitatu baadaye anaonekana kwenye baa asubuhi, na watu wanasema ameharibika. Wengine hawatakwenda kwenye chumba cha mshauri kwanza, lakini watazungumza wakiosha gari, kwenye stendi ya bodaboda, au wakitoka uwanjani. Rafiki anayetaka kumsaidia asimwambie ajikaze. Amtaje marehemu kwa jina, kisha anyamaze na kusikiliza. Akiona dalili za hatari zilizotajwa, amsindikize hadi kituo cha afya na kungoja naye kwenye foleni.

Kundi lisivunjwe

Linalobaki ni ombi moja, na halihitaji bajeti wala idhini ya ofisi yoyote. Kundi la WhatsApp la mazishi lisivunjwe Jumatatu ile. Libaki kwa miezi 6. Mweka hazina akimaliza kusoma hesabu, mwenyekiti asome orodha ya pili: nani atamtembelea mfiwa wiki ya pili, nani wiki ya sita, nani mwezi wa tatu, nani mwezi wa sita. Wawili wawili wanatosha. Waende na unga au sukari kama wanazo, na wasipokuwa nazo waende hivyo hivyo. Mmoja ajitolee kuandamana na mfiwa kufuatilia cheti cha kifo na makaratasi ya urithi, kwa sababu foleni ya ofisini ni nzito kwa mtu asiyelala. Mwingine ahifadhi namba ya kituo cha afya na ya mhudumu wa afya ya jamii. Na siku ya kuzaliwa ya marehemu, pamoja na siku aliyofariki mwaka ukizunguka, ziandikwe. Siku hizo humrudia mfiwa zikimkuta peke yake.

Vyama vya akina mama vinaweza kuanza mwezi huu. Makanisa na misikiti inaweza kutangaza. Wazee wa nyumba kumi wanajua tayari ni nyumba zipi zilizozika mwaka huu.

Mama wa Jericho, basi, asubiriwe wapi? Wiki ya nane, jioni, wanawake wawili wa kamati wanabisha mlango wake. Hawakuja kuhesabu mchango. Mmoja anaweka sufuria ya chai jikoni, mwingine anamchukua mtoto mdogo magotini. Wanauliza: “Baba watoto alikuwa mtu wa namna gani nyumbani?” Mama anaanza kusimulia. Kabla hawajaondoka, wanamwambia kwamba Alhamisi asubuhi watampitia waende wote watatu hadi kituo cha afya, na kibanda kitafunguliwa na jirani mpaka warudi.